Mbuzi Mzazi na Wanawe

Jioni hii hatuna habari za nchi za mbali. Twataka kuzungumza juu ya mnyama aliye uani mwenu sasa hivi, mbuzi jike mwenye mimba, na juu ya siku zile zinazofuata kuzaa kwake. Siku zenyewe ni chache, hata kumi hazifiki, walakini ndizo zinazoamua kama mwaka huu kundi litaongezeka au litabaki kama lilivyokuwa.

Hapa kwetu Ugogo mbuzi si kitoweo tu. Mbuzi ni mahari, ni daftari na sare ya mtoto wa shule, na mtu akiuguliwa usiku mbuzi ndiye nauli ya kwenda hospitali. Kwa hiyo twastaajabu kila mara tunapomwona mwenye mali anayejua idadi ya mbuzi wake bila kukosea hata mmoja, lakini ukimwuliza, “Baba, mwaka huu wamezaliwa wangapi, na katika hao wamekufa wangapi?” hujikuna kichwa. Mbuzi mkubwa akifa watu hukusanyika kuuliza sababu. Mwana-mbuzi akifa hutupwa nyuma ya zizi, nayo habari yake imekwisha. Kumbe huyo aliyetupwa ndiye mbuguma wa mwaka wa pili, na wanawe, na maziwa yake.

Mbuzi huchukua mimba siku 150 hivi, yaani miezi mitano, naye aweza kutangulia au kuchelewa siku chache. Mwenye kujua hesabu hii aweza kuchagua majira ya kuzaa. Akipandwa mwanzo wa Agosti, atazaa mwisho wa Desemba au mwanzo wa Januari, wakati mvua zetu zimeanza na majani yamechipuka. Lakini beberu akiachwa kundini mwaka mzima, wengine watazaa Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa tupu, na mama hana maziwa ya kutosha hata mtoto mmoja. Wamasai wana hila nzuri ya jambo hili: humfunga beberu kipande cha ngozi chini ya tumbo, akae na majike asiweze kuwapanda mpaka wakati wautakao wenyewe. Hila hiyo haigharimu chochote, nasi hatuoni haya kujifunza kwa jirani. Ninyi wanafunzi, andikeni tarehe ya kupandwa ukutani kwa mkaa, iwapo daftari hakuna.

Katika wiki sita za mwisho mwana-mbuzi hukua upesi sana tumboni. Sehemu kubwa ya uzito wake huipata wakati huo. Tena, wakiwa wawili hulijaza tumbo la mama hata nafasi ya chakula hupungua. Basi apewe chakula kidogo kidogo kilicho bora: pumba, mashudu ya alizeti, majani ya kunde, na yale maganda ya migunga ambayo watoto waweza kuyaokota bure na kuyaweka akiba kwenye magunia wakati wa kiangazi. Chumvi asikose. Kama angali akikamwa, aachishwe miezi miwili kabla ya kuzaa.

Wiki ya mwisho asiende malishoni mbali. Twalisema neno hili kwa mkazo, maana twajua desturi ilivyo: mbuzi wote hutolewa asubuhi, wenye mimba pamoja na wasio na mimba, mbele ya mtoto wa miaka tisa au kumi mwenye fimbo. Mbuzi akizalia porini, mtoto huyo atafanya nini? Akikaa na mzazi, kundi litaingia shamba la mtu. Akifuata kundi, mzazi atabaki peke yake na fisi. Jioni mtoto hupigwa kwa kosa ambalo si lake.

Dalili za kuzaa si ngumu kuzijua. Kiwele hujaa na chuchu hung'aa. Pande mbili za shina la mkia hulegea hata huonekana vishimo. Mbuzi hujitenga na wenzake, huparapara ardhi, hulala na kuinuka, hugeuka na kutazama ubavu wake kama mtu aliyeitwa. Umtie mahali pakavu penye majani makavu mapya, pasipo upepo, kisha ukae mbali kidogo ukitazama. Kazi yako ya kwanza ni kunyamaza. Mwana-mbuzi aliyekaa vema hutanguliza miguu miwili ya mbele, na pua imelala juu yake, mfano wa mtu anayejirusha majini. Akitanguliza miguu ya nyuma aweza pia kuzaliwa salama, lakini asikawie njiani. Iwapo mama amesukuma kwa nguvu zaidi ya nusu saa na hapana kinachotokea, au waona kichwa bila miguu, au mguu mmoja peke yake, basi aitwe bwana mifugo, au mzee ajuaye kazi hiyo, naye anawe mikono kwa sabuni mpaka viwikoni kabla ya kugusa lolote. Kuvuta kwa pupa kumeua mama wengi.

Akiisha zaliwa, ute ufutwe puani na kinywani. Asipopumua, umchokonoe tundu la pua kwa unyasi na kumsugua mbavu kwa majani makavu. Halafu mwache mama amrambe. Kuramba huko humkausha, humwamsha damu, na humfanya mama aijue harufu ya mwanawe. Ukimchukua mtoto ukamwosha kwa maji kwa ajili ya usafi, waweza kumfanya mgeni kwa mama yake mwenyewe.

Kitovu ni mlango ulio wazi. Uzi wake ukiwa mrefu, ukatwe kwa wembe safi, ubaki upana wa vidole vitatu hivi, kisha uchovywe wote katika iodini, ile dawa ya rangi ya hudhurungi inayotiwa katika vidonda. Pasipo dawa, uchafu wa zizi hupanda kwa njia hiyo mpaka ndani, na baada ya siku kadhaa waona magoti yamevimba, mtoto hawezi kusimama, na watu husema amelogwa. Wapo wanaopaka samadi ili kukausha. Hao tunawasihi waache, kwa maana ndani ya samadi mna wadudu wa pepopunda.

Sasa tumefika penye neno tulilolikusudia hasa. Ni dang'a, yale maziwa ya kwanza, mazito, ya rangi ya manjano. Katika nyumba nyingi dang'a hukamuliwa na kumwagwa chini, kwa sababu hudhaniwa kuwa ni maziwa machafu yaliyolala kiweleni muda mrefu. Hatusemi haya kwa kuwadharau wazee wetu, ambao wametufundisha mengi juu ya mifugo kuliko vitabu. Lakini katika hili tunaomba tusikilizwe.

Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa amekwisha kupokea tumboni mwa mama sehemu ya kinga ya kupigana na magonjwa. Mwana-mbuzi hakupokea. Kondo la nyuma la mbuzi haliruhusu kinga hiyo kupita. Kwa hiyo huzaliwa mtupu kama askari aliyepelekwa vitani bila ngao. Ngao yake imewekwa ndani ya dang'a. Tena utumbo wake una nafasi ya kuipokea kwa muda mfupi tu. Katika saa za kwanza hupita vizuri hata kuingia damuni. Kila saa ipitayo mlango unazidi kufungwa, na baada ya siku moja umefungwa kabisa. Dang'a inyweshwayo kesho kutwa ni chakula chema, lakini si ngao tena. Basi mwana-mbuzi anyonye katika saa ya kwanza, na asipitishe saa sita bila kushiba. Kwa siku ya kwanza apate sehemu moja katika kumi ya uzito wake: mwenye kilo 2 apate mililita 200, nazo si nyingi, ni kama kikombe kidogo cha chai, kwa mara nne au zaidi. Kamua kwanza matone mawili matatu kutoka kila chuchu ili kuzibua, kisha umwelekeze mtoto.

Mtatuuliza, “Na mama akiwa amekufa?” Ikamuliwe dang'a ya mbuzi mwingine aliyezaa siku ile ile, hata ya ng'ombe yafaa. Lakini msiichemshe, maana huganda kama yai. Bakuli liwekwe ndani ya maji ya moto mpaka dang'a ipate joto la mwili.

Hapo twakumbuka jambo lililotokea katika chuo tufundishacho. Usiku mmoja wa mvua wanafunzi walituletea mwana-mbuzi aliyelegea, shingo imeanguka, wakitaka kumnywesha maziwa kwa nguvu. Tuliwaambia watie kidole kinywani mwake kwanza. Kinywa kilikuwa baridi. Mwana-mbuzi wa namna hiyo hawezi kumeza. Maziwa huingia mapafuni naye hufa kwa wema wenu. Akaushwe kwanza, aviringishwe katika blanketi pamoja na chupa mbili za maji moto zilizofungwa kitambaa, mpaka kinywa kiwe na joto na ulimi uanze kutafuta. Wale vijana walikesha naye kwa zamu jikoni. Alfajiri alisimama, akamnyonya mmoja wao kidole cha gumba, na darasa zima lilichelewa kuja kusali, wala hatukumwadhibu mtu.

Kondo la nyuma hutoka lenyewe katika saa chache. Likining'inia, msilivute wala msilifunge jiwe, kwa kuwa laweza kupasua tumbo la uzazi. Likipitisha saa 12 aitwe bwana mifugo. Likitoka lifukiwe chini sana, mbwa wasilifukue, na aliyelishika anawe kwa sabuni. Mwenye mimba asilishike kabisa. Sababu yake twaijua kutoka kisiwa cha Malta. Huko askari wa Kiingereza walikuwa wakiugua homa ya muda mrefu, yenye kuja na kuondoka, na maumivu ya viungo. Mwaka 1887 daktari wao David Bruce alimwona mdudu wa homa hiyo, lakini hakujua anatoka wapi. Mwaka 1905 ndipo daktari wa Malta, Themistocles Zammit, alipogundua kwamba mbuzi wa kisiwa, wanono na wazima kwa kuwatazama, ndio waliokuwa nao. Mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa ya mbuzi, na ugonjwa ukapungua mara moja katika kambi. Mdudu huyo yuko hata kwetu. Hukaa katika maziwa, na zaidi katika maji ya uzazi na kondo, hasa mbuzi akitupa mimba. Basi dang'a ni ya mwana-mbuzi, asichemshiwe. Maziwa ya watu yachemshwe siku zote.

Na mama mwenyewe tusimsahau, maana baada ya kuzaa watu wote hutazama mtoto. Apewe ndoo ya maji ya vuguvugu mara moja, ana kiu kuliko alivyowahi kuwa nayo, kisha majani mazuri. Kiwele kipapaswe kila siku. Kikiwa na joto upande mmoja, kigumu, na maziwa yana mabonge au damu, kikamuliwe mara nyingi na dawa itafutwe siku ile ile. Mama akimkataa mmoja katika mapacha, afungwe karibu na ukuta na kushikwa mara nne au tano kwa siku mtoto anyonye; wengi hukubali baada ya siku mbili tatu.

Juu ya kukamua, twasema waziwazi: katika mwezi wa kwanza mbuzi wetu wa kienyeji hana maziwa ya ziada. Kikombe kinachotiwa katika chai ya mwenye nyumba kimetoka tumboni mwa mwana-mbuzi. Mwenye mapacha asikamwe kamwe kwa mwezi huo.

Mama aanze kwenda malishoni ya karibu baada ya siku chache, na wana wabaki nyumbani. Desturi ya kuwalaza ndani ya tembe au chini ya tenga ni njema, huwakinga na baridi na kicheche, ila majani ya kulalia yabadilishwe. Wakifikia wiki tatu, zizi lenye samadi mbichi huwaharisha, pengine damu, nao hufa kwa haraka. Uchaga wa fito ulioinuliwa kutoka ardhini, samadi ikianguka chini, umeokoa wengi. Tangu wiki ya pili wawekewe maji safi na kifungu cha majani laini kilichoning'inizwa, wajaribu kutafuna. Wataachishwa kunyonya miezi mitatu au minne. Na madume yatengwe na dada zao na mama zao kabla ya mwezi wa nne kwisha, kwa kuwa ndume mdogo kuliko mnavyomdhania aweza tayari kupanda.