Tovuti Isiyo na Njia

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mtwara)



Nimeombwa niseme machache juu ya tovuti ya chama chetu. Kwa miaka miwili tuliijaza habari, picha na orodha za waliopita hapa. Lakini mwenzetu aliyeko Muscat au Dar es Salaam akiitafuta katika Google kwa jina la shule, haipati. Wengine walidhani chama kimekufa, na michango ya madawati ikapungua.

Tulipochunguza, tulikuta kosa ni letu wenyewe. Tovuti imejengwa kwa WordPress, na humo kuna kisanduku cha kuiomba mitambo ya kutafuta isiorodheshe kurasa. Tulikitia alama wakati wa ujenzi, kisha tukasahau kuiondoa. Tulifunga mlango, halafu tukalalamika kwamba wageni hawaji.

Alama tuliiondoa, lakini wageni waliendelea kuja kwa nadra. Kwa nini? Wazee wetu wanaukumbuka mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Kwa ajili yake ilijengwa bandari yetu yenye maji marefu, na reli ya kwenda Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Bandari ilibaki nzuri, lakini meli haiji kutazama uzuri. Meli huja penye mzigo na penye njia.

Na tovuti ni hivyo hivyo. Google na Bing wana programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana. Zikisoma ukurasa mmoja, hufuata viungo vilivyomo mpaka ukurasa mwingine, na yaliyosomwa huweza kuingizwa katika faharasa kubwa, mfano wa kadi za maktaba. Ukurasa usiounganishwa na mwingine wowote ni kijiji kisicho na barabara. Tena, kutembelewa si kuorodheshwa: ukurasa mtupu, au ulionakiliwa kwingine, huweza kusomwa ukaachwa.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuwe na ramani ya tovuti, yaani faili linalotaja kurasa zetu. WordPress hulitengeneza yenyewe tangu mwaka 2020. Ramani hiyo tuipeleke kwa Google kupitia Search Console, huduma isiyolipiwa, ambayo pia hutuonyesha kurasa zilizokataliwa na sababu zake. Pili, tuliangalie faili liitwalo robots.txt, lisije likazuia yale tunayotaka yasomwe. Tatu, tovuti iwe hewani na ifunguke upesi. Programu hizo zikikuta hitilafu kila mara, hupunguza safari zao. Nne, majina ya watu tuyaandike kwa herufi, tusiyaache ndani ya picha tu.

La tano ndilo kubwa: tuandike mara kwa mara. Programu hizo hujifunza mwendo wa kila tovuti. Penye mapya hurudi upesi. Palipolala hupita kwa nadra. Asitokee mtu akatuuzia ahadi ya kuwa wa kwanza kwa wiki moja. Hakuna awezaye kuiahidi kwa haki.

Wahenga walisema chema chajiuza. Kwenye intaneti, chema kisichounganishwa hukaa ghalani. Ninyi wenye tovuti za ofisi, biashara au vyama, wekeni kiungo cha shule yenu pale kinapostahili. Ninyi wanafunzi, nendeni Mikindani na Msimbati mkawaulize wazee juu ya reli ile, juu ya uvuvi na korosho, mkayaandike kwa Kiswahili chenu. Mtoto wa kesho akitafuta habari za Mtwara, mashine itampa yale iliyoyakuta. Tukinyamaza, atasimuliwa kwao na watu wasiowahi kufika.

Bandari tunayo. Iliyobaki ni kupakia mzigo na kuifungua njia.