Kitabu cha Askari Isaac na Wasomaji Wake



Vitabu vya vita vilivyoandikwa na majemadari ni vingi, na msomaji huvisoma kama mtu atazamaye ramani: jeshi hili limekwenda huku, jeshi lile limerudi kule. Kitabu cha askari wa kawaida ni kitu kingine. Yeye hakuonyeshwa ramani. Aliona kichaka kilichokuwa mbele yake na mwenzake aliyelala kando yake. Kwa sababu hiyo wasomaji nao humwuliza maswali ya namna nyingine, na mazungumzo haya yahusu maswali hayo.

Askari mwenyewe ni Isaac Fadoyebo wa Nigeria. Mwaka 1942, akiwa kijana wa miaka 16, alijiandikisha jeshini. Alifundishwa kazi ya kuwauguza majeruhi, akapelekwa Burma, nchi ambayo siku hizi huitwa Myanmar, pamoja na Divisheni ya 81 ya Afrika ya Magharibi. Mwezi wa Machi 1944, kando ya mto Kaladan, Wajapani walikishambulia ghafula kikosi chake. Risasi zilimvunja mguu wa kulia na kumjeruhi tumboni. Yeye na Sajini David Kagbo wa Sierra Leone, aliyejeruhiwa pia, waliachwa msituni nyuma ya majeshi ya adui.

Wanakijiji Waislamu wa nchi ya Arakan waliwapelekea chakula kwa siri. Hatimaye mwanakijiji mmoja, Shuyiman, aliwaingiza katika nyumba yake mwenyewe, pamoja na mkewe na watoto wake, ingawa alijua hatari ya kuwaficha askari wa upande wa pili. Miezi tisa ilipita hivyo, mpaka mwezi wa Desemba 1944 askari wa Gurkha walipofika. Isaac alirudi kwao akichechemea, akawa mtumishi wa serikali, na uzeeni akayaandika mambo yake. Kitabu chake, chembamba sana, kilitolewa mwaka 1999 na Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Jina lake ni A Stroke of Unbelievable Luck, maana yake bahati kubwa isiyosadikika.

Wasomaji wa kwanza walikuwa wataalamu wa historia. Wao walikifurahia kwa kuwa ni adimu: Waafrika waliopigana Burma walikuwa makumi ya maelfu, lakini walioacha maandishi yao wenyewe ni wachache mno. Waliuliza juu ya chakula, silaha, mshahara na safari.

Msomaji mwingine, mwandishi wa habari Barnaby Phillips, aliuliza swali jingine: je, watu wale waliomlisha Isaac walipata kushukuriwa? Alimtafuta Isaac, akamkuta yu hai, mzee wa Lagos. Mwaka 2011 akasafiri mpaka Arakan akiwa amechukua barua ya Isaac. Shuyiman na mkewe walikuwa wamekwisha kufa, lakini watoto wao walikuwapo, na barua ya shukrani ikasomwa mbele yao, miaka 67 baada ya wema wenyewe kutendwa. Mwaka uliofuata Isaac naye akafariki.

Mwaka 2014 Phillips alitoa kitabu chake mwenyewe juu ya habari hizo, akakiita Another Man's War, yaani vita vya mtu mwingine. Hapa kuna jambo la kufikiriwa. Askari aliyaita mambo yake bahati. Msomaji wake akauliza vita vilikuwa vya nani. Hawapingani. Mtu aweza kushukuru kwa kuwa yu hai, na mwingine aweza kuuliza ni nani aliyemtia katika hatari ile. Lakini swali hilo lamhusu Shuyiman zaidi kuliko wote, maana yeye hakujiandikisha popote. Vita vilimfuata mlangoni.

Tangu mwezi wa Agosti 2017 kitabu hiki chasomwa kwa macho mengine tena. Waislamu wa Arakan, waitwao Warohingya, zaidi ya 700,000, walikimbilia Bangladesh kwa kuwa vijiji vyao vilichomwa moto na watu wao kuuawa. Msomaji wa leo akifika mahali ambapo mlango wa Shuyiman unafunguliwa kwa wageni wawili wenye majeraha, hawezi kujizuia kuuliza ni mlango gani uliofunguliwa kwa wajukuu wa watu hao.

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka huo huo wa 1944 Divisheni ya 11, yenye askari wa K.A.R. kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilishuka bonde la Kabaw katika mvua na matope, ikiwafukuza Wajapani mpaka mto Chindwin. Wengi walirudi na nishani, na habari zao wakazikwa nazo. Huenda wamo waliopewa maji na mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Wazee wanasema, wema hauozi. Lakini barua ya Isaac isingalipata kuandikwa kama asingalitangulia kuliandika jina la Shuyiman. Basi kila nyumba yenye nishani ya babu, au barua yake ya zamani, au mtu anayekumbuka maneno yake, na ichukue kalamu. Msomaji atakayeipeleka shukrani hiyo huenda bado hajazaliwa.