Kibarua Naye ni Mfanyakazi: Haki ya Fidia kwa Aliyeumia Kazini, Tunda na Kindu



Niliombwa nizungumzie haki za mtu aliyeumia kazini. Nitaanza na wale ambao kwa kawaida hawatajwi katika mada kama hii: wanaoitwa asubuhi na kulipwa jioni. Hapa Tunda ndio wanaopakua magunia ya mchele, wanaopasua mbao, wanaofyatua matofali na kupanda juu ya paa tunapojenga. Kule Kindu ndio wanaobeba mizigo kati ya mto na reli. Wengi wao wameambiwa, nao wamekubali, kwamba fidia ni ya watu wa mshahara wa mwezi. Si kweli.

Sheria ya Kazi ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, namba 015-2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamtambua kibarua wa siku. Inasema zaidi: mtu akishafanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, kisha akaitwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake mpya unahesabiwa kuwa ni wa muda usio na kikomo. Kukosekana kwa karatasi hakuufuti mkataba huo. Kwa hiyo bosi anayesema “huyu si mtu wangu, ni mtu wa siku tu”, huku kijana huyo amembebea magunia tangu msimu wa mavuno uanze, anasema jambo ambalo sheria haikubaliani nalo. Tatizo la kijana huyo liko kwingine: hana anachoweza kuonyesha kuthibitisha siku zake. Kapita, msimamizi wa vibarua, ndiye mwenye daftari la majina, na ajali ikishatokea daftari hilo mara nyingi halionekani tena. Nawasihi kila mmoja awe na kijitabu chake: tarehe, kazi aliyofanya, aliyempa kazi, alicholipwa. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wake wa shule amwandikie kila jioni.

Ajali ya kazi ni ipi? Ni ile inayompata mfanyakazi kwa sababu ya kazi au akiwa kazini, awe amekosea au hajakosea. Maneno hayo ya mwisho yashikeni sana. Mtu akivunjika mguu, jambo la kwanza analosikia ni “ulikuwa mzembe, ulikimbia na gunia.” Hata kama alikimbia kweli, haki yake haipotei kwa uzembe wa namna hiyo. Ajali ya njiani, mtu akitoka nyumbani kwenda kazini au akirudi, nayo inahesabiwa. Kwa wanaopanda pikipiki alfajiri katika barabara zetu za matope, hilo si jambo dogo.

Anayelipa ni nani? Mwaka 1961 ilianzishwa INSS, Taasisi ya Taifa ya Usalama wa Jamii, na sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 ikaweka taratibu mpya ambazo leo zinasimamiwa na CNSS, Kasha la Taifa la Usalama wa Jamii. Mwajiri anatakiwa kuwaandikisha wafanyakazi wake na kulipa michango. Kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazi mchango ni asilimia 1.5 ya mshahara, na wote unatoka mfukoni mwa mwajiri. Ile asilimia 5 anayokatwa mfanyakazi ni ya pensheni. Anayekatwa franga zake “za ajali” anaibiwa. Na mwajiri ambaye hakuandikisha watu wake, kosa ni lake. Lisigeuzwe kuwa mzigo wa mtu mwenye bandeji mguuni.

Sasa nieleze kesi moja niliyoifuatilia, bila kumtaja mtu wala kampuni. Mpakuzi mmoja aliangukiwa na magunia kutoka juu ya lori, mfupa wa paja ukavunjika. Mkubwa wake alikuja hospitalini siku ileile, akalipa dawa, akampa mkewe mchele na pesa kidogo, akasema pole kwa moyo mweupe kabisa. Familia ilimshukuru. Baada ya wiki chache akaja na karatasi ya Kifaransa: mgonjwa aliweka dole gumba kwamba amepokea kila anachostahili. Alipotoka kitandani mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine, na kazi ya mizigo imekwisha. Tulipotafuta cheti cha hospitali, kilisema tu “kuvunjika kwa paja.” Hakuna neno juu ya lori, magunia, saa, wala mahali. Kwa kusoma cheti kile ungeweza kudhani ameanguka kutoka kwenye mwembe nyumbani kwake.

Mimi simlaumu anayeleta mchele. Utu ni jambo jema na tunauhitaji. Lakini mchele ule haukuwa fidia. Fidia ni matibabu yote, pamoja na magongo au kiungo cha bandia kikihitajika. Ni posho ya theluthi mbili za mapato ya wastani ya siku, kwa siku zote asizoweza kufanya kazi. Kilema kikibaki, daktari hukipima kwa asilimia: kikiwa kikubwa analipwa pensheni ya kudumu, kikiwa kidogo analipwa mara moja. Akifariki, mjane na watoto wana sehemu yao. Tena mwajiri, ambaye anaweza kuvunja mkataba wa mgonjwa wa kawaida baada ya miezi sita mfululizo bila kazi, hawezi kutumia kanuni hiyo dhidi ya mtu aliyeumizwa na kazi yenyewe.

Haki hizo zote huanza na cheti kinachosema ajali ilivyotokea; ndiyo maana ombi langu kubwa leo naliweka mbele ya wauguzi. Anayeletwa amebebwa kutoka kazini, muulizeni mambo manne kabla hamjafunga daftari: alikuwa wapi, saa ngapi, anafanya kazi gani, na kwa nani. Yaandikeni kwenye fishi yake siku hiyohiyo. Mtu akishapelekwa Kindu kwa upasuaji, karatasi ya Tunda ndiyo inayobeba ushuhuda wa kwanza, na hakuna daktari wa Kindu anayeweza kuuandika baadaye kwa uhakika uleule. Wenzake waliokuwepo waandike majina yao pia, kabla hofu ya kukosa kazi kesho haijawaingia.

Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kutangaza ajali kwa CNSS na kwa mkaguzi wa kazi. Akinyamaza, aliyeumia au ndugu zake waende wenyewe, wasisubiri apone. Najua safari kutoka hapa kupitia Kibombo hadi Kindu ni ghali kwa mtu aliye kitandani, kwa hiyo napendekeza kanisa au chama cha wafanyakazi kiwe na mtu mmoja wa kupeleka karatasi za wote.

Kuhusu ndugu zetu wanaochimba kasiterite na dhahabu kwa mikono, Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inawataka wawe katika koperative, lakini wengi hawana mwajiri wa kudaiwa shimo likibomoka. Hilo ni pengo, na linaniuma. Kwa sasa koperative zianze mfuko wao wenyewe wa ajali, ukatwe kwenye mauzo kabla ya kugawana, hesabu zake zisomwe mbele ya wote.

Nchi yetu iliridhia mwaka 1967 Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu fidia za ajali kazini, kwa hiyo tunachodai si kigeni wala kipya. Mzozo ukitokea, sheria inataka kwanza uende kwa mkaguzi wa kazi ili apatanishe. Nendeni pale na kijitabu, cheti na majina ya mashahidi. Karatasi yoyote mliyoletewa msaini wakati wa maumivu, nayo ipelekeni, mkaguzi aione. Upatanisho ukishindikana ataandika hivyo kwa mkono wake, na kwa karatasi hiyo mlango wa mahakama unafunguka.