Mlango Upi, Mwezi Gani, Karatasi Ipi? Kazi ya Kila Siku ya Serikali ya Kaunti

(Haya ni mazungumzo yetu na viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama tulivyoyasema, ili wale ambao hawakufika nao wasomewe kikundini.)

 

Leo hatukuja kuzungumza juu ya siasa. Siasa mnayo ya kutosha redioni. Tumekuja kuzungumza juu ya jambo lisilo na kelele: kazi ya kawaida ya serikali ya mahali. Ni kazi inayofanywa asubuhi ya siku ya kazi, watu wachache wakiwa chumbani, karatasi zikigeuzwa moja moja, na hakuna anayepiga makofi. Ushuru wa soko. Choo. Taka. Mtaro uliozibwa. Leseni ya kibanda. Dawa za dispensari. Mambo haya madogo ndiyo yanayomgusa mama mwenye sinia la nyanya kila asubuhi, na mara nyingi yanaamuliwa sisi tukiwa shambani.

Tunapozunguka vikundini twasikia lalamiko moja: "Tunalipa kila siku, lakini hatuoni kitu." Lalamiko hilo lina haki. Lakini lalamiko linalosemwa chini ya mwembe haliingii katika kitabu cha bajeti. Basi hebu tujibu maswali matatu: twende mlango upi, mwezi gani, na karatasi ipi mkononi?

KAUNSILI ILIKWENDA WAPI?

Wazee walio hapa wanaikumbuka kaunsili. Palikuwa na madiwani, palikuwa na meya au mwenyekiti, na palikuwa na karani wa baraza aliyeshika kalamu na mafaili. Katika Kenya nzima mabaraza hayo yalikuwa 175: ya jiji, ya manispaa, ya miji na ya kaunti. Yaliishi kwa ushuru, leseni na kodi ya viwanja. Baadaye ikatungwa sheria ya mwaka wa 1998 iliyoyagawia asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi. Kuanzia mwaka wa 2001, wananchi nao walitakiwa kukutana wadini na kuchagua miradi. Kwa hiyo jambo la kuulizwa maoni si geni kwetu.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilibadilisha mpango huo. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 mabaraza yalikoma, kazi zake zikaenda kwa serikali za kaunti 47. Pale alipoketi diwani sasa anaketi mwakilishi wa wadi, yule tunayemwita MCA. Nchi nzima ina wadi 1,450. Pale walipokuwa maafisa wa karani, sasa wapo mawaziri wa kaunti, maafisa wao, na huku chini yuko msimamizi wa wadi. Miji mingine ina bodi ya manispaa inayosimamia huduma za mji.

Wengi wetu bado twasema "kanjo". Si neno baya, lakini linatuficha jambo moja: nyumba ni mpya, na milango imehama.

MLANGO UPI?

Vikundi vingi hupoteza miezi kwa kubisha mlango usio wake. Katiba, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi. Shikeni kalamu.

Za kaunti ni hizi: masoko na leseni za biashara; vyama vya ushirika; dispensari, vituo vya afya na hospitali za kaunti; usafi na taka; barabara za kaunti na taa zake; maji na mitaro; ukulima na mifugo; shule za chekechea; na vyuo vya ufundi vya vijijini.

Za serikali ya kitaifa ni hizi: polisi, shule za msingi na za upili, vyuo vikuu, na barabara kuu. Chifu na naibu wake pia ni watu wa serikali ya kitaifa. Ukimpelekea chifu jambo la choo cha soko, atakusikiliza vizuri kwa sababu ni mtu wa watu, lakini hana fungu la pesa la choo.

Hata ndani ya kaunti kuna milango miwili. Bunge la kaunti hupitisha sheria na bajeti, kisha huchunguza kazi. Gavana, mawaziri na maafisa ndio wanaotekeleza. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 inamkataza mwakilishi wa wadi kujiingiza katika utekelezaji au kutoa huduma kana kwamba yeye ni afisa. Tunapomwambia MCA, "tujengee choo", tunamwomba kitu kisicho kazi yake. Naye, akitaka kura, atajibu "nitajenga". Maneno sahihi ni haya: "Mheshimiwa, hakikisha pesa za choo zimo katika bajeti, halafu uliza bungeni zimetumikaje." Hapo mmemshika mahali panaposhikika.

MWEZI GANI?

Mwaka wa pesa wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka wa 2012 imeweka tarehe. Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama wa soko ambalo choo chake kimefungwa kwa kufuli. Watembee vipi?

Kufikia tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unatakiwa kufika bungeni. Mpango huo hutoka katika mpango mkubwa wa kaunti wa miaka mitano; huu wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Akina mama waulize mapema, mwezi wa Julai au Agosti: je, choo cha soko letu kimeandikwa humo? Kisipoandikwa hapa, kukiingiza baadaye kutakuwa kazi ngumu.

Kufikia tarehe 28 Februari, kaunti hupeleka bungeni waraka wa mkakati wa fedha. Waraka huu hugawa pesa kwa idara: afya kiasi gani, masoko kiasi gani, barabara kiasi gani. Huku ndiko mfuko unakopimwa. Idara ya soko ikitoka na mfuko mwembamba, msishangae choo kikikosa saruji.

Kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio ya bajeti huingia bungeni. Kamati ya bajeti huyachunguza na hutakiwa kusikiliza wananchi. Hapa akina mama waende na ukurasa mmoja tu: jina la soko, watu wangapi wanauza, choo kimefungwa tangu lini, na wanaomba nini. Si hotuba. Ukurasa mmoja.

Kufikia tarehe 30 Juni, bajeti huwa imepitishwa. Basi kazi imekwisha? La, jameni. Kuandikwa si kujengwa. Kutoka Julai ndipo mnaanza kuuliza: zabuni imetangazwa? Mjenzi ni nani? Amelipwa kiasi gani, na kazi imefika wapi? Sheria hiyo inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, katika kipindi cha miaka kadhaa, iende kwa maendeleo. Kwa hiyo hamwombi sadaka.

Mmeona? Choo kimoja kina safari ya karibu mwaka mzima na vituo vinne. Anayefika kituoni gari limeondoka hubaki na lalamiko lake, hata kama ni la haki.

USHURU HUTOKA WAPI?

Katiba, kifungu cha 210, inasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa au kubadilishwa ila kwa sheria. Kwa hiyo akija mtu na kitabu cha risiti akisema bei ya kreti imepanda, mna haki ya kuuliza: "Imepandishwa na sheria gani?" Ulizeni kwa upole. Yule kijana ametumwa tu.

Ada za kaunti hupangwa katika Mswada wa Fedha, ambao bunge hutakiwa kuupitisha katika siku 90 baada ya kupitisha mswada wa matumizi ya bajeti. Nyuma ya mswada huo huwa kuna orodha ndefu: kreti ya nyanya kiasi fulani, gunia la mahindi kiasi fulani, kibanda, bodaboda, kinyozi. Ni karatasi za kuchosha kusoma. Lakini mstari mmoja humo waweza kula faida ya kikundi chenu kwa mwaka mzima.

Hebu tukumbuke la Kiambu. Kaunti hiyo ilipitisha Sheria yake ya Fedha ya mwaka wa 2013. Wananchi wakaenda kortini wakisema hawakushirikishwa ipasavyo. Mwezi wa Aprili 2014, Jaji Odunga wa Mahakama Kuu aliibatilisha sheria hiyo. Alieleza kwamba haitoshi kutimiza jambo hili kwa jina tu. Bunge la kaunti lijitahidi kuwafikia watu pale wanapokusanyika: makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye mabaraza, na kwa redio, zikiwemo za lugha za mama.

Jambo hilo lina pande mbili. Upande mmoja ni wajibu wao wa kutuita. Upande wa pili ni wetu: tangazo likisomwa baada ya ibada au barazani, tusiinuke na kwenda zetu kabla halijaisha.

Na hapa tunataka kusema neno zito kidogo. Kwenye mikutano hii huzungushwa orodha ya mahudhurio. Wengi wetu tunaandika jina, tunapokea soda na nauli, tunarudi nyumbani bila kusema neno. Jueni kwamba sahihi yako kwenye orodha ile ni ushahidi kwamba uliulizwa. Kesho ukisema hukushirikishwa, utaonyeshwa jina lako. Ikiwa umetia sahihi, basi sema. Ukiogopa kusema, andika. Na mkutano ukifanywa bila karatasi kusomwa, omba hilo liandikwe katika kumbukumbu.

KARATASI IPI?

Barua ya kuomba habari. Katiba, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 inaeleza njia. Mnaweza kuandika kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, na afisa atatakiwa kumwandikia. Jibu litoke ndani ya siku 21. Wakinyamaza au wakikataa, mnaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Andikeni kwa adabu, ombeni kitu kimoja kilicho wazi, bakini na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni kama haikufika.

Ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Kila mtu ana haki ya kuliomba bunge lishughulikie jambo. Elezeni shida, mlishalipeleka kwa ofisi gani, mkajibiwa nini, na kama jambo liko kortini. Malizieni kwa kusema mnachotaka kifanywe, halafu majina na sahihi, au alama ya kidole gumba. Msitukane mtu humo. Ombi lenye matusi hurudishwa, na shida yenu hubaki palepale.

Miguu yenu wenyewe. Kifungu cha 196 cha Katiba kinasema bunge la kaunti lifanye kazi zake kwa uwazi, na wananchi wasifukuzwe bila sababu maalum. Ile sehemu ya watazamaji kule juu ni yenu. Kikundi kichague wawili, mmoja awe mama, wachangiwe nauli, waende, na wakirudi watoe ripoti. Akidi ya bunge ni thuluthi moja ya wabunge. Wahesabuni, na mtazame kama wa wadi yenu yumo.

Tena, katika kila kaunti sheria imeweka jukwaa la bajeti na uchumi, ambamo akina mama, watu wenye ulemavu, wazee, wafanyakazi, wafanyabiashara na makundi ya dini wana wawakilishi. Tafuteni mnamjua nani mle.

TUANZE NYUMBANI

Twamaliza na jambo letu wenyewe. Hatuwezi kudai kitabu cha kaunti kifunuliwe huku kitabu cha kikundi kimefichwa chini ya kitanda cha mweka hazina. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kila mkutano uwe na kumbukumbu, kila shilingi iwe na risiti, na hesabu zisomwe mbele ya wote. Kikundi kilichozoea kuulizana chenyewe hakitetemeki mbele ya afisa.

Wekeni pia risiti zote za ushuru kwa mwezi mmoja, kila mwanachama katika mkebe wake. Mwisho wa mwezi zijumlishwe. Hapo hamtasema tena "tunalipa sana". Mtasema kiasi, tarehe na watu wangapi, na huyo mkubwa wa idara atavuta kiti kusikiliza.



MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Shida tatu kubwa za kijiji chetu ni zipi? Ipi ni ya kaunti, ipi ni ya serikali ya kitaifa, na ipi tunaiweza wenyewe?

2. Ni nani kati yetu aliyewahi kuuona mpango wa maendeleo wa kaunti yetu? Tutaupata wapi?

3. Mara ya mwisho tulipotia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, tulisema nini? Kulifanyika nini baadaye?

4. Tutawatuma nani wawili bungeni, na nauli tutachanga vipi?

5. Kitabu cha hesabu cha kikundi chetu kilisomwa mbele ya wanachama wote lini?