Mwamba Huoza Kwanza: Kufundisha Watoto wa Karavia Jinsi Makorongo Yanavyozaliwa

Somo la makorongo mara nyingi huanza na picha ya Grand Canyon ya Marekani. Kisha mwalimu anamwaga maji juu ya lundo la mchanga, mfereji unachimbika, watoto wanapiga makofi, na somo limekwisha. Zoezi hilo linafundisha nusu ya jambo. Mchanga ule ulikuwa umeshavunjika kabla ya kuletwa darasani, kwa hiyo mtoto anaona maji yakibeba, lakini haoni mwamba mgumu ulivyofikia hali ya kubebeka. Ninachotetea hapa ni kwamba katika mtaa wetu wa Karavia, na Lubumbashi nzima, tuanze na nusu iliyoachwa: kuoza kwa mwamba palepale ulipo. Mmomonyoko, yaani kung'olewa na kuchukuliwa kwa mabaki yake, ufuate baadaye.

Ushahidi tunaukanyaga kila siku. Panapochimbwa kisima, mara nyingi udongo mwekundu hutangulia. Chini yake hutokea vipande vya mawe yaliyolegea, ambayo mtoto anaweza kuyavunja kwa vidole, na chini zaidi kuna mwamba mzima. Mji wetu hupata mvua ya milimita 1,200 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Aprili. Maji hayo yakipenya ardhini huchukua hewa ukaa ya mizizi na majani yanayooza, yakawa asidi dhaifu. Asidi hiyo huyeyusha baadhi ya madini na kuacha chuma, nacho hushika kutu. Wekundu wa udongo wetu unatokana na kutu hiyo. Vitabu vingi vinasisitiza barafu inayopasua mawe. Ni kweli kwa milima ya Ulaya, lakini hapa kazi kubwa inafanywa na maji ya uvuguvugu, na mtoto wetu ana haki ya kufundishwa hilo kwanza.

Mfano wa korongo tunao katika mkoa huuhuu. Katika hifadhi ya Kundelungu, iliyoanzishwa mwaka 1970, mto Lofoi unaanguka kutoka uwandani kwa mita 340 hivi, mojawapo ya maporomoko marefu kabisa barani Afrika. Uwanda huo umejengwa na tabaka za mawe zilizolala karibu sawasawa. Mwalimu anaweza kuonyesha tabaka zinavyofanya kazi kwa tofali bichi na tofali la kuchomwa. Aweke la kuchomwa juu ya bichi, kisha adondoshe maji polepole ubavuni. La chini linalainika na kuliwa, la juu linabaki limening'inia, na mwishowe linaanguka. Genge hurudi nyuma kwa namna hiyo, nalo korongo linarefuka.

Wapo watakaosema kwamba tofali linadanganya kuhusu muda: darasani ni saa moja, mtoni ni maelfu kwa maelfu ya miaka. Pingamizi hili ni zito, na asiyelitaja mbele ya watoto anawapotosha. Wengine watasema mtoto wa mjini anahitaji kujua korongo linalomeza nyumba, si la Lofoi. Naona mapingamizi haya mawili yanajibiwa pamoja. Korongo la mtaani huchimbika kwa msimu mmoja kwa sababu kazi ndefu ya kuoza ilimalizika zamani. Imebaki kubeba tu, na maji ya mabati na barabara yakikusanyika mahali pamoja hubeba upesi. Mjini Kinshasa, ambako vilima vingi ni vya mchanga, mvua ya Desemba 2022 iliua watu zaidi ya 100 na kuikata barabara ya kitaifa namba 1. Mtoto aliyefundishwa kazi zote mbili ataeleza kwa nini huko ulitosha usiku mmoja na Lofoi haukutosha.

Kuhusu usalama, sipendekezi kuwapeleka watoto kwenye kingo za makorongo. Uwanja wa shule unatosha. Chini ya mchirizi wa paa, baada ya mvua, vijiwe husimama juu ya vinguzo vya udongo, kwa sababu kila kijiwe kilikinga udongo wa chini yake usipigwe na matone. Vijiti vilivyotiwa alama vipigwe ardhini Oktoba, sehemu yenye majani na sehemu tupu, na Aprili watoto wapime wenyewe udongo umeshuka kiasi gani kila upande.