GASKETI HAIVUJI BURE

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimepewa robo saa nieleze kazi yangu. Kazi yangu ni ufundi wa pikipiki, na jambo nililochagua ni moja tu: namna ya kubadilisha gasketi ya kichwa cha silinda inayovuja katika injini ya zamani. Huenda mtu akasema kwamba jambo hili ni dogo mno kwa mkutano kama huu. Lakini wengi wa vijana wanaomaliza Kidato cha Nne wanaishia kuendesha bodaboda, na jambo hili dogo ndilo linalowala mifuko yao.

Tuchukue injini moja tuitazame vizuri. Honda CG125 ilianza kutengenezwa mwaka 1976, na ilikusudiwa hasa nchi zinazoendelea, ambako pikipiki hubeba mizigo mizito na oili haibadilishwi kwa wakati. Kwa sababu hiyo ilipewa pushirodi, yaani vijiti vinavyosukuma valvu kutoka chini, badala ya mnyororo wa kuzungusha kemu iliyo juu. Baadaye viwanda vya China viliunda injini nyingi kwa kufuata mpango huo huo, na nyingi kati ya hizo zimefika kwetu. Kwa hiyo anayeielewa injini hii ameelewa sehemu kubwa ya pikipiki za barabarani.

Sasa, wadogo zangu, tufanye hesabu kidogo. Kipenyo cha silinda yake ni 56.5 mm. Eneo la duara hilo ni karibu sentimita za mraba 25. Tuseme mafuta yanapowaka presha inapanda hadi kilo 40 kwa kila sentimita ya mraba. Zidisheni: ni kilo 1,000, yaani tani nzima, inayotaka kukirusha kichwa juu. Kichwa hicho kinashikwa na stadi nne, kwa hiyo kila moja inavutwa kwa kilo 250. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, moto huwaka mara 3,000, kwa sababu ni injini ya mipigo minne. Hiyo ni mara 50 kila sekunde.

Je, gasketi nyembamba inaweza kuzuia tani moja? Haiwezi. Kinachozuia ni nyuso mbili zilizonyooka, zilizobanwa sawasawa pande zote. Gasketi kazi yake ni kujaza vijinafasi vidogo vinavyobaki katikati. Nyuso zikiwa zimepinda, au nati zikiwa zimekazwa ovyo, hata gasketi mpya ya bei ghali itapasuka. Ndiyo maana nasema gasketi haivuji bure. Gasketi iliyoungua ni shahidi, na ni kosa kumtupa shahidi kabla hajahojiwa.

Mwaka juzi kijana mmoja wa bodaboda aliniletea pikipiki ambayo gasketi yake ilikuwa imebadilishwa mara tatu katika miezi miwili. Kila mara alinunua gasketi, alimlipa fundi, alipoteza mapato ya siku, na jioni mwenye pikipiki alidai hesabu yake kama kawaida. Mara ya tatu nati zilikazwa kwa kuongezea bomba kwenye spana, hadi stadi moja ikaanza kung'oka na nyuzi zake. Nilipoweka rula ya chuma juu ya uso wa kichwa, fila ya 0.15 mm ilipita chini yake bila shida. Kichwa kilikuwa kimepinda kwa joto. Na joto lilitoka wapi? Mapezi ya kupozea yalikuwa yameziba kwa tope lililokauka. Ndugu zangu, ndoo moja ya maji na brashi vingemwokolea kijana yule fedha za miezi miwili.

Basi kazi ianzie kwenye kuchunguza. Si kila oili inayoonekana kwenye silinda inatoka kwenye gasketi ya kichwa. Huenda inatoka kwenye kifuniko cha roka hapo juu, ikateremka. Huenda mpira wa kupumulia wa injini umeziba, na pumzi iliyofungiwa ndani inasukuma oili popote inapopata njia. Osha injini, ikaushe, ipake vumbi la chaki kwenye maungio, iwashe kwa dakika chache, kisha tazama mahali chaki inapoanza kulowa. Kujua kama moto wenyewe unavuja, paka maji ya sabuni kwenye ungio injini ikiwa bado baridi, kisha piga kiki: mapovu yatakuonyesha mahali. Dalili nyingine ni sauti ya kufyonza na kupuliza, mstari wa masizi kati ya mapezi, na injini kukosa nguvu mlimani.

Ukishathibitisha, iache injini ipoe kabisa. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo kulegeza au kukaza nati injini ikiwa ya moto ni kujidanganya, na ni njia ya kukipinda kichwa. Toa tangi la petroli na uliweke mbali na moto wowote. Toa ekzosi, kabureta, plagi na kifuniko cha roka. Zungusha injini mpaka pistoni iwe juu kabisa na valvu zote mbili zimefunga. Legeza nati za kichwa kidogo kidogo kwa kukingamanisha: moja ya kulia mbele, kisha ya kushoto nyuma, hivyo hivyo hadi zote zilegee. Pushirodi zitie alama, kwa maana kila moja inatakiwa kurudi mahali pake. Kichwa kikigoma kutoka, kigonge polepole kwa nyundo ya mpira au kipande cha mti. Usichomeke bisibisi kwenye ungio, kwani mkwaruzo mmoja unatosha kuwa njia ya moto.

Sasa mhoji shahidi. Gasketi imeungua upande gani? Ikiwa imeungua upande mmoja tu, kagua stadi na nati za upande huo. Ikiwa imebabuka pande nyingi, fikiria joto: mapezi machafu, oili kidogo, au kabureta inayotoa hewa nyingi na petroli haba.

Ziba silinda kwa kitambaa safi, kisha kwangua mabaki ya gasketi kwa kipande cha mti mgumu au plastiki. Weka rula ya chuma juu ya uso wa kichwa, kwa urefu, kwa upana, na kwa kukata pembe hadi pembe, ukijaribu kupitisha fila. Kitabu cha injini kinataja kikomo, na kwa vichwa vidogo kama hivi mara nyingi ni kati ya 0.05 na 0.1 mm, yaani unene wa unywele. Kikiwa kimezidi kidogo, weka msasa laini wa maji juu ya kioo kinene kilichonyooka, usugue kichwa kwa mwendo wa namba 8 bila kukandamiza, na uoshe chembe zote. Kikiwa kimezidi sana, kipelekwe kwa fundi wa mashine.

Gasketi iwe mpya na iwe ya injini hiyo. Ilinganishe na silinda kabla ya kuifunga: tundu la oili likizibwa, roka zitakauka na kulika. Usipake silikoni kwenye ukingo wa moto, maana itaungua, na vipande vyake vinaweza kuziba njia ya oili. Rudisha pini za kuelekeza, pete za mpira na washa mahali zilipokuwa.

Halafu kukaza, ambako ndiko kwenye siri. Katika nguvu unayoitia kwenye spana, karibu sehemu 1 kati ya 10 tu ndiyo inayobana kichwa, nyingine zote huliwa na msuguano wa nyuzi na wa nati juu ya washa. Nyuzi zikiwa na kutu, mkono utasema imekaza kumbe bado haijabana. Kwa hiyo safisha nyuzi, zipake oili kidogo, na utumie spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza. Kaza kwa kukingamanisha katika hatua tatu, hadi kufikia kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu. Kisha pima nafasi za valvu: kwa CG125, injini ikiwa baridi, ni 0.08 mm kwa zote mbili. Weka oili mpya, iwashe ipate joto, iache ipoe kabisa, halafu upime valvu tena.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi kama fundi naongeza kwamba ni lazima pia kuuliza ufa umetoka wapi.

Ndugu Mwenyekiti, yote niliyosema, tangu eneo la duara hadi kutanuka kwa metali na msuguano, yamo katika masomo yanayofundishwa hapa. Mwanafunzi huyakariri, hupasi mtihani, na miaka miwili baadaye analipa gasketi tatu kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kwamba fizikia ile ndiyo iliyomo ndani ya injini aliyoikalia. Kwa hiyo nina ombi. Chama chetu kitakapoamua zawadi ya shule kwa mwaka huu, kifikirie spana moja ya kipimo, seti ya fila, rula ya chuma, na injini moja kuukuu ya kufungulia. Injini nitaitoa mimi. Na kila muhula, Mwalimu Mkuu akiniruhusu, nitakuja Jumamosi mbili tuifungue na kuifunga pamoja na wanafunzi, mpaka kila mmoja awe ameishika fila kwa mkono wake.