Kifaru Mnyama na Kifaru Chombo: Kuzisoma Picha za Vita vya Burma katika Mbulu na Hanang

Kiswahili kilikipa chombo cha vita jina la mnyama, kisha sarufi ikavitenganisha viwili hivyo. Mnyama huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai: kifaru amelala, vifaru wamelala. Chombo hubaki katika ngeli ya KI-VI: kifaru kimesimama, vifaru vimesimama. Mwanafunzi wa Kiswahili Sanifu hapati taabu hapo. Taabu humpata anapofika Mbulu au Hanang, mkoani Manyara, kusikiliza habari za Vita vya Pili vya Dunia kutoka kwa wana na wajukuu wa askari, akiwa na nakala ya picha isiyo na tarehe.

Wilaya hizi, ambazo chini ya utawala wa Mwingereza zilikuwa pamoja katika Wilaya ya Mbulu, zina wasemaji wa Kiiraqw, lugha ya Kikushi, na wa Kidatoga, lugha ya Kiniloti. Kiswahili walichokikuta askari wa King's African Rifles kambini, maarufu kama KiKAR, kilikuwa kimepunguza sana upatanisho wa ngeli. Sentensi ya namna ya “vifaru ilipita mtoni” haitofautishi mnyama na chombo. Tena ipo maana ya tatu, ambayo wachunguzi huisahau: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa na alama ya kichwa cha kifaru, na huenda vifaru waliopita mtoni wakawa ni askari wenyewe. Msemaji wa nyanda za Mbulu, jirani wa Ngorongoro, alimfahamu mnyama huyo kabla hajakiona chombo. Sarufi ikishindwa kuamua, picha huitwa kutoa ushahidi. Nayo picha yahitaji msomaji.

Zaidi ya Watanganyika 80,000 walitumikia jeshi katika vita hivyo. Divisheni ya 11 iliingia Burma, ambayo leo ni Myanmar, mwaka 1944, ikateremka Bonde la Kabaw wakati wa masika mazito, na tarehe 2 Desemba ikautwaa mji wa Kalewa ulioko kwenye Mto Chindwin. Katika Jeshi la 14 la Uingereza, ambamo divisheni hiyo ilipigana, zilikuwamo brigedi za vifaru za Jeshi la India zilizotumia vyombo vilivyoundwa Marekani: Brigedi ya 254 ilikuwa na Stuart, Lee na Grant, na Brigedi ya 255 ilikuwa na Sherman.

Anayetazama picha asianze na ukubwa, kwa kuwa ukubwa hudanganya pasipo mtu wa kulinganisha naye. Aanze na magurudumu. Stuart, kifaru chepesi cha tani 13 hivi chenye mzinga wa milimita 37, kina magurudumu manne ya chini kila upande, yaliyofungwa jozi mbili, na gurudumu kubwa la nyuma lililoshuka hadi kugusa ardhi. Ha-Go cha Wajapani nacho kina manne, ila gurudumu lake la nyuma limeinuliwa. Lee, Grant na Sherman vina jozi tatu, yaani magurudumu sita. Sherman hubeba mzinga wake wa milimita 75 katika mnara unaozunguka. Lee na Grant huubeba mzinga mkubwa ubavuni mwa kiwiliwili, upande wa kulia wa dereva, na mdogo juu mnarani. Ubavu huo una faida nyingine: mzinga mkubwa ukionekana upande wa kushoto wa dereva, picha imechapwa kinyume, na kila kinachosemwa juu ya kulia na kushoto ndani yake kigeuzwe.

Hapa ndipo msamiati unapoleta hasara. Jeshi la Marekani liligawa vifaru vyake katika daraja tatu, lakini mazoea ya Kiswahili hutoa jozi moja tu ya sifa: chepesi na kizito. Lee cha tani 27 hivi, au Sherman cha tani 30 hivi, kikisimama kando ya mtu, nani atakiita chepesi? Kikaandikwa “kifaru kizito cha Marekani, Burma”. Maelezo hayo si ya kweli. Vizito vya Marekani vilikuwa M6, ambavyo vilitengenezwa 40 tu na havikupelekwa vitani, na Pershing cha tani 42 hivi, ambacho kilianza kupigana Ujerumani mwanzoni mwa 1945. Burma havikufika. Istilahi inayofaa ni kifaru cha wastani. Neno “kizito” la mzee lisifutwe. Liwekwe katika alama za mtajo, kwani yeye alisema uzito, hakusema daraja.

Kosa la daraja husahihishwa kwa kalamu. Kosa la mwaka humwondoa mtu katika vita vyake. Mei 1942, Waingereza walipokimbia Burma, waliviharibu na kuviacha Stuart vyao karibu vyote huko Shwegyin, ng'ambo ya mto, jirani na Kalewa. Askari wa Afrika Mashariki walifika eneo hilo zaidi ya miaka miwili baadaye. Kwa hiyo picha ya Stuart kilichoungua ukingoni mwa Chindwin, yenye askari wa KAR pembeni, yaweza kuwa na mabaki ya 1942 na watu wa 1944. Mtunza picha akiipa tarehe kwa kukitazama kifaru peke yake, baba wa familia fulani ya Dongobesh au Katesh atakuwa amewekwa mahali ambapo hakuwapo. Dalili moja husaidia: Stuart ambacho mabamba yake ya ubavuni yamelala badala ya kusimama wima ni cha toleo la baadaye, na hakiwezi kuwa miongoni mwa vile vya Mei 1942.

Maporomoko ya matope ya Mlima Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023 yalisomba nyumba na watu. Karatasi za sandukuni hazina kinga bora kuliko wenyewe. Picha zinakiliwe zingali nyumbani kwa wenyewe. Nyuma ya kila nakala iandikwe kwa penseli hesabu ya magurudumu, mahali pa mzinga, na sentensi ya mzee kama alivyoitamka, hata kama alisema “vifaru ilipita”.